Kuprinti, Kutoa Kopi na Kuskani Maktabani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kaunta. Yameulizwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeshika flashi kama yai, na mzee aliyekuja kutoa kopi ya hati ya kiwanja, na mama aliyetumwa na mwanawe amalizie fomu ya mkopo. Majibu yanahusu maktaba za umma na za vyuo vikuu Tanzania. Pale mambo ya Kenya yanapohitaji neno lake, limewekwa. Bei hazimo, maana kila maktaba hubandika zake ukutani na hazikawii kubadilika. Kilichoelezwa ni namna zinavyohesabiwa.

## Kabla hujatoka nyumbani

Lazima niwe mwanachama au mwanafunzi?

Maktaba za umma ziko wazi kwa kila mtu. Tanzania zinasimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963. Chini yake iko Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, pamoja na maktaba za mikoa. Kenya, maktaba nyingi za umma sasa ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa kawaida uanachama unahitajika ukitaka kuazima kitabu uende nacho nyumbani. Anayetaka kopi tu huulizwa kitambulisho, na pengine ada ndogo ya kuingia.

Maktaba za vyuo ni habari nyingine. Mlango hufunguka kwa kitambulisho cha mwanafunzi au mfanyakazi. Mgeni huingia kwa barua ya utambulisho kutoka chuo chake au ofisi yake, na mara nyingi hulipia. Barua hiyo iandikiwe Mkutubi Mkuu. Ikiandikwa "kwa yeyote anayehusika" utazungushwa hadi uchoke.

Nije na nini?

Kitambulisho, faili lililo tayari (tazama swali la aina ya faili hapa chini), na simu yenye salio na chaji. Ukija kutoa kopi ya cheti, njoo na cheti chenyewe. Kopi ya kopi hufifia, na mhuri wa bluu uliofifia hugeuka doa la kijivu ambalo hakuna ofisi italipokea.

Kwa nini nisiende tu steshenari ya jirani?

Kama una ukurasa mmoja wa kuprinti na steshenari iko mlangoni kwako, nenda. Zina kasi, hukaa wazi hadi usiku, na kijana wa pale atakuwekea na pini. Maktaba inakufaa unapotaka kopi kutoka kwenye kitabu kisichoruhusiwa kutoka nje, gazeti la zamani, ramani au tasnifu. Inakufaa pia ukiwa na nyaraka za siri ambazo hutaki zibaki kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, ingawa hata maktabani kuna tahadhari za kuchukua (tazama swali la nyaraka binafsi mwishoni).

Nalipaje, na malipo yanahesabiwa vipi?

Taasisi za umma Tanzania hukusanya malipo kwa kontroo namba. Unapewa namba kaunta, unalipa kwa simu au benki, kisha unaonyesha ujumbe wa uthibitisho. Kwa kopi mbili utaona ni mlolongo mrefu, na kweli ni mrefu. Ndiyo maana baadhi ya maktaba za vyuo hukuruhusu uweke salio mara moja kwenye akaunti yako, likawa linapungua kila unapoprinti.

Jambo linalozua ugomvi ni hili: bei huwa ni ya upande mmoja wa karatasi, si ya karatasi nzima. Ukiprinti mbele na nyuma umetumia karatasi moja lakini unalipia pande mbili. Rangi huhesabiwa kwa ukurasa pia, na mashine nyingi huuhesabu ukurasa kuwa wa rangi hata kama rangi iko kwenye kiungo kimoja cha bluu cha tovuti. Usipohitaji rangi, chagua nyeusi kabla ya kutuma kazi.

Muda gani hakuna foleni?

Asubuhi mapema. Epuka wiki ya kabla ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula chuoni), wiki ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, na siku bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, linapotoka.

## Kuprinti

Faili langu liwe la aina gani?

PDF. Ukikumbuka jibu moja tu katika ukurasa huu, likumbuke hili, kwa sababu safari nyingi za bure huharibikia kwenye faili. Mashine husingiziwa tu.

Faili la Word halibebi kila kitu ndani yake. Linabeba maneno na maelekezo: "weka mwandiko fulani, ukubwa fulani". Kompyuta ya maktaba isipokuwa na mwandiko huo, inachukua mwingine unaokaribiana nao. Herufi zikiwa pana kidogo tu, mstari unasukumwa chini, jedwali linakatika katikati, na yaliyomo yanayosema sura ya tatu iko ukurasa wa 41 yanageuka uongo. Hali ni mbaya zaidi kama uliandika kwa programu moja na maktaba inatumia nyingine. PDF huwa inauhifadhi ukurasa kama ulivyouona: mwandiko umo ndani, nafasi zimefungwa, picha haihami.

Kwenye Word nenda kuhifadhi, chagua aina ya PDF, basi. Kwenye simu, Google Docs na WPS zote zinaweza. Kisha lifungue hilo PDF na ulipitie lote kabla hujaondoka. Wengi huliamini bila kulitazama, wakafika kaunta wakagundua ukurasa mtupu uliojiingiza kati ya sura.

Waandishi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na wale wenye nukuu za Kurani au kasida za kale, walisikie hili mara mbili. Mwandiko ukikosekana, herufi huachana na kusimama moja moja kama watu wasiosalimiana. PDF pekee ndiyo kinga.

Naweza kutuma kwa WhatsApp au baruapepe badala ya flashi?

Kwa kawaida ndiyo. Baruapepe ni bora. WhatsApp si mbaya kwa PDF, lakini picha ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora. Itume kama faili. Ukifungua akaunti yako kwenye kompyuta ya maktaba, toka kabisa kabla ya kuinuka. Kila wiki mtu huacha WhatsApp yake wazi, na anayeketi baada yake husoma mambo ya ndoa za watu.

Flashi imefunguka lakini mafaili yote yamegeuka vijialama vya njia ya mkato. Kazi imepotea?

Karibu kila mara haijapotea. Kuna kirusi cha flashi kinachoficha mafaili na kuweka njia za mkato badala yake. Ukibofya moja unakipeleka kwenye kompyuta. Usibofye, wala usifomati flashi kwa hasira. Mwambie mhudumu. Mafaili yaliyofichwa yanaweza kuonyeshwa tena, yakanakiliwa, kisha flashi ikasafishwa. Na ukishatoka hapo, tunza nakala ya kazi yako kwenye baruapepe.

Printa imesimama na inaandika "PC LOAD LETTER". Nifanye nini?

Haihusu kompyuta wala barua. Printa hiyo, aghalabu HP ya zamani, inasema: niwekee karatasi ya saizi ya Letter kwenye trei. Letter ni karatasi ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Huku kwetu tunatumia A4, milimita 210 kwa 297, kwa hiyo printa inaweza kusubiri karatasi ambayo haipo hata katika jengo zima. Chanzo ni faili lililoundwa kwa mipangilio ya Kimarekani. Futa kazi hiyo, badilisha saizi ya ukurasa iwe A4, hifadhi upya kama PDF, tuma tena.

Kama tatizo lako ni kingo zilizokatwa, jua kwamba printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa. Huacha milimita chache kila upande. Chagua kupunguza ukurasa uenee kwenye karatasi.

Nimebofya kuprinti mara tano na hakuna kinachotoka.

Acha kubofya. Kazi zote tano ziko kwenye foleni, na karatasi iliyokwama ikiondolewa zitatoka zote, nawe utadaiwa zote. Angalia kwanza kama umechagua printa sahihi, maana kompyuta nyingi hukumbuka printa ya ofisi nyingine au zile za kuhifadhi PDF tu. Kisha mwite mhudumu afute foleni.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Kurasa zilizotoka ni zako, hesabu ulipoishia. Usiondoke bila kuuliza kuhusu zilizobaki: foleni huweza kuhifadhiwa na kuendelea umeme ukirudi, wewe ukiwa kwenye daladala na matokeo yako ya hospitali yakitoka mbele za watu. Omba ifutwe.

Naprinti tasnifu. Kuna la ziada?

Mengi. Vyuo vingi hutaka ukingo wa kushoto uwe mpana, takriban sentimita 4, kwa ajili ya kubaindi. Soma mwongozo wa chuo chako kabla ya kuprinti, si baada. Printi nakala moja kwanza, ikague ukiwa na kalamu, ndipo utoe zilizobaki. Ukitaka rangi kwenye michoro tu, tenganisha kurasa hizo ziwe faili jingine, uziprinti peke yake na kuzipachika kwa mkono. Utaokoa fedha nyingi. Kubaindi kwa jalada gumu kwa kawaida hakufanyiki maktabani. Uliza mapema, kwa sababu mabaindi wa nje nao hufurika wiki zile zile.

## Kutoa kopi

Nifanyeje kitambulisho kitoke pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja?

Mashine nyingi mpya zina kitufe chenye picha ya kadi. Unalaza kadi kwenye kioo mbali kidogo na ukingo, unabonyeza, unaigeuza palepale, unabonyeza tena. Kama kitufe hakipo, toa kopi ya upande wa kwanza kadi ikiwa nusu ya juu ya kioo, rudisha karatasi ile ile kwenye trei, sogeza kadi nusu ya chini, toa tena. Jaribu kwanza na karatasi yenye alama ya kalamu ujue mashine inachapa upande upi. Wahudumu wenye uzoefu nao hukosea mara ya kwanza.

Kopi zina mstari mweusi kutoka juu hadi chini.

Kama mstari unaonekana tu unapopitishia karatasi juu, kwenye kilishio, na hauonekani ukilaza karatasi kwenye kioo, basi kuna doa kwenye kile kioo chembamba cha pembeni. Mara nyingi ni tone la wino wa kufutia. Karatasi hupita juu ya doa hilo, kwa hiyo nukta moja inakuwa mstari mzima. Mhudumu akifuta hapo kwa kitambaa laini, limekwisha. Kwa hiyo usipitishe karatasi yenye wino wa kufutia uliobichi, wala yenye pini.

Nakuzaje maandishi madogo?

Kutoka A4 kwenda A3 ni asilimia 141, na kurudi A3 hadi A4 ni 71. Namba hizo hutumika pia kati ya A5 na A4.

Naruhusiwa kutoa kopi ya kitabu kizima?

Hapana, kama kitabu kina hakimiliki. Na hapa ndipo kaunta hupata kelele nyingi kuliko mahali pengine popote.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Zote zinatoa nafasi kwa mtu anayejisomea au kufanya utafiti kuchukua sehemu, na zote hazikusudii nafasi hiyo imeze kitabu chote. Maktaba nyingi za vyuo hutafsiri hilo kwa kipimo rahisi: sura moja, au asilimia 10 hivi. Hicho ni kipimo cha kanuni ya ndani, ndiyo maana maktaba moja hukubali zaidi na nyingine hukataa.

Utasikia hoja kwamba kitabu hakipatikani madukani, au kinauzwa bei ya kodi ya miezi miwili. Hoja hiyo ina uzito, na anayeikejeli hajawahi kuwa mwanafunzi. Lakini zipo njia kabla ya kopi: omba kiwekwe kwenye rafu ya akiba ili kisomwe kwa saa, uliza nakala ya kielektroniki ambayo chuo kimeilipia, mwombe mhadhiri aiombe maktaba inunue. Mwandishi wa kitabu cha kiada cha Kiswahili mara nyingi anaishi mtaa wa pili na wewe, na kila kopi ya kitabu kizima inamkata yeye.

Kitabu ambacho mwandishi wake alifariki zaidi ya miaka 50 iliyopita kwa kawaida hakizuiliwi tena kwa hakimiliki ya mwandishi, Tanzania na Kenya. Angalia tu kama toleo lina utangulizi au tafsiri ya mtu mwingine aliye hai au ambaye miaka 50 haijapita tangu afariki.

Na mitihani ya zamani, au tasnifu za wengine?

Mitihani ya zamani hutolewa kopi bila shida pale chuo kinapoiweka wazi. Tasnifu huwa na masharti makali zaidi: kurasa chache, pengine muhtasari na marejeleo tu, wakati mwingine kwa kibali cha mwandishi. Angalia kwanza hazina ya kidijitali ya chuo. Huenda tasnifu yote iko mtandaoni bure.

Kwa nini nimekataliwa kopi ya gazeti la miaka ya 60?

Si ubahili. Karatasi za magazeti hutengenezwa kwa majimaji ya mbao yenye asidi, na kadiri miaka inavyopita hugeuka manjano na kuvunjika kama papadi. Kuligeuza gazeti kifudifudi kwenye kioo na kulikandamiza kwa kifuniko ni kulimaliza. Kwenye makusanyo maalumu, kama mkusanyo wa East Africana (machapisho kuhusu Afrika Mashariki) katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, omba kupiga picha kwa simu bila kuwasha taa ya kamera, gazeti likiwa limelazwa. Uliza kwanza, kibali cha kusoma si kibali cha kupiga picha.

Maktaba inaweza kunithibitishia kopi ya cheti?

Hapana. Kuthibitisha ni kazi ya wakili au hakimu. Toa kopi hapa, kisha mpelekee pamoja na cheti halisi, maana lazima avione vyote viwili. Mhuri wa maktaba kwenye kopi unaonyesha tu kitabu kilitoka wapi.

## Kuskani

Skana ya maktaba au kamera ya simu?

Kwa ukurasa mmoja wa kujisomea, simu inatosha. Google Drive kwenye Android na Notes kwenye iPhone zote huskani na kunyoosha kingo. Kwa cheti kinachoenda kwenye maombi ya kazi au mkopo, tumia skana. Picha ya simu huleta kivuli cha mkono na rangi ya njano ya taa, na anayekagua maombi elfu moja hatakuhurumia.

Niweke nukta ngapi kwa inchi (DPI) kwenye skana?

Maandishi ya kawaida: 300. Herufi ndogo sana, ramani, au picha ya kukuza: 600. Zaidi ya hapo unaongeza uzito bure.

Mfumo wa maombi unakataa faili kwa sababu ni kubwa.

Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi na nukta 300 una pikseli 2480 kwa 3508, na kabla ya kubanwa ni kama megabaiti 26. Ukipanda hadi 600 unazidisha mara nne. Mifumo ya maombi huweka kikomo cha megabaiti chache tu, kwa hiyo usianze na programu ya kubana. Anza na skana. Badilisha rangi iwe kijivu, ambayo peke yake hupunguza hadi theluthi, teremsha nukta hadi 200, hifadhi kama PDF na si picha. Mihuri na saini zitasomeka.

Usipakie cheti chako cha kuzaliwa kwenye tovuti yoyote ya bure ya kupunguza mafaili. Hujui kinakwenda kwa nani.

Fomu za mkopo zina mzunguko wake: huprintiwa, husainiwa na viongozi wa mtaa na wengine wanaotakiwa, kisha kurasa zenye saini huskaniwa na kupakiwa tena. Skani zote kwa mkao mmoja, na uzipe majina yanayoeleweka. "Scan0007" hukaa jirani na "Scan0008" ya mtu mwingine kwenye kompyuta ile ile, na yamewahi kubadilishana.

Naweza kufanya maandishi yaliyoskaniwa yatafutike?

Ndiyo, kwa programu ya kutambua herufi. Baadhi ya skana zina chaguo la PDF inayotafutika. Vinginevyo, ipakie kwenye Google Drive na uifungue kwa Google Docs. Chagua lugha ya Kiswahili kama ipo, la sivyo utapata maneno yaliyosahihishwa kwa Kiingereza. Maandishi ya mkono na kopi zilizofifia hutoka vibaya. Hapo andika upya.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Naweza kutoa kopi ya noti kwa ajili ya somo?

Usijaribu. Mashine nyingi za rangi za kisasa hutambua alama zilizofichwa kwenye noti za nchi nyingi na hukataa au kuchapa ukurasa mweusi. Benki Kuu hutoa picha za noti kwa elimu, tumia hizo.

Nimesahau cheti changu chini ya kifuniko cha mashine.

Hakuna kinachosahaulika zaidi ya hicho. Watu huchukua kopi kwa furaha na kuacha halisi. Rudi mara moja au piga simu maktabani. Vilivyookotwa huwekwa kaunta na hutolewa kwa kitambulisho. Kama kilichosahaulika ni kitambulisho chenyewe, jiandae kujibu maswali.

Nyaraka zangu binafsi ziko salama?

Ukichukua hatua. Futa faili ulilolinakili kwenye kompyuta, kisha uondoe na kwenye kapu la taka. Fahamu pia kwamba mashine nyingi kubwa za kopi zina diski ndani inayoweza kuhifadhi sura ya kila ukurasa hadi ifutwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na una haki ya kuuliza maktaba jinsi inavyofuta kumbukumbu hizo. Mhudumu akishtuka kwa swali hilo, uliza kwa mkuu wake.

Sioni vizuri. Naweza kupata kitabu kizima kwa muundo ninaoweza kuusoma?

Hapa jibu la kitabu kizima hapo juu linageuka. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, umekusudiwa kuruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu, sauti au herufi kubwa kwa wasioona na wenye ulemavu wa kusoma, bila kumwomba mwenye hakimiliki. Nenda kitengo cha mahitaji maalumu cha chuo chako, au kwa mkutubi moja kwa moja, ukiwa na jina la kitabu na muundo unaoutaka. Kazi hii huchukua siku kadhaa, kwa hiyo omba kabla muhula haujakolea.

Ukurasa ukiharibika, nalipa?

Kosa la mashine, kama tona iliyofifia au karatasi iliyojikunja, hulipii. Onyesha ukurasa wenyewe palepale kaunta. Kosa la faili, unalipa. Ndiyo maana ni vizuri uprinti ukurasa mmoja kwanza.